Kwa nini nilifuta ile video ya tangi

Wasee, wiki iliyopita nilifuta video moja na wengi mmeniuliza kwa nini, maana ilikuwa inafanya vizuri. Ni ile niliyosema kama tangi lako la maji ya chumvi linakurusha, nunua fimbo ya titani, itumbukize majini, uichomeke kwa tundu la athi, yaani lile la juu la soketi. Kwisha.

Nilikosea. Na niliwaambia kabla sijajaribu kwangu.

Naishi na mathe Rongai, nyumba ya kupanga. Tangi langu ni la lita 120, na ndani kuna samaki wawili wale wa Nemo. Baridi ya Julai inanilazimu kuwasha hita usiku ili maji yabaki kwa digrii 25. Jioni moja dadangu wa miaka 9 akatia mkono awalishe, miguu mitupu kwenye simiti. Akapiga nduru. Mathe hakuuliza swali. "Hiyo kitu yako itaua mtoto wangu. Itoke."

Samaki? Walikuwa wanaogelea tu. Ni kama ndege aliyetua kwa waya wa stima: haumizwi kwa sababu stima haina njia ya kupitia mwilini mwake. Maji ya chumvi yanabeba stima vizuri sana, lakini siku hiyo njia ya kufika ardhini ilikuwa ni dada yangu.

Nikachukua multimita, mguu mmoja majini, mwingine kwa tundu la athi. Ikasoma 9, mara 2, mara 6. Nikajiambia hakuna shida, fimbo iko njiani, nitaiweka.

Mathe ndiye aliita fundi. Mzee alipima kati ya waya wenye stima na athi, mahali panapotakiwa kusoma karibu 240. Hakuna kitu. Akafungua soketi, akafuata waya mpaka nje, akacheka. "Kijana, athi yenu ni ya picha." Haikuwa imeunganishwa na ardhi popote.

Sasa fikiria. Fimbo yangu ingeunganisha maji yenye stima na huo waya, na huo waya unafika kwa friji ya mathe, kwa pasi, labda hadi kwa jirani. Mtu angeshika mlango wa friji.

Mwenye ploti alisumbuliwa mpaka akakubali fimbo ya shaba ichimbiwe chini. Tukapima tena: volti 110 majini. Tukachomoa kifaa kimoja kimoja. Pampu ya kwanza, hakuna tofauti kubwa. Hita ilipotoka, ikashuka hadi 18, na hizo 18 ni za pampu zilizobaki, si lazima ziwe uvujaji. Kioo cha hita kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Kwa hivyo mpangilio ni huu. Ukirushwa, usirudishe mkono majini. Zima kila kitu ukutani kwanza. Ita fundi ahakikishe athi inafanya kazi. Tafuta kifaa kibovu, kitupe, usikifunge gundi. Weka swichi ya kinga inayokata stima ikivuja miliampea 30. Acha kila waya uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yadondoke sakafuni. Fimbo inakuja mwisho, na kamwe si badala ya hayo.

Niliacha chuo mwaka wa pili, na nimejisifu hapa mara nyingi kwamba simu imenifunza zaidi. Mambo mengi ni kweli. Lakini hili nilifunzwa na mzee mwenye testa mfukoni, na tayari nilikuwa nimewafunza nyinyi kinyume.

Kama uliweka fimbo kwa sababu yangu, zima meni swichi leo, uichomoe, uite fundi.

Tangi bado lipo. Dada analisha kwa kijiko cha plastiki. Mkono hatii tena, na simlaumu.