Upupu wa barabara ya Mboko

Ukitoka Uvira kuelekea Baraka, ziwa Tanganyika linabaki mkono wa kushoto na milima mkono wa kuume. Makobola, Swima, Mboko: kila kijiji kina mihogo yake, michikichi yake, na ndagala zilizoanikwa karibu na maji. Mwezi wa saba na wa nane, mvua ikiisha kukatika, tazama kando ya mashamba yaliyolazwa. Kuna mmea unaotambaa juu ya miti midogo, umening'iniza maganda yenye manyoya ya kahawia, yanang'aa kwa jua kama mgongo wa paka. Mgeni atatamani kuyashika. Wenyeji hawapiti hata chini yake upepo ukivuma.

Ni upupu. Kila unyoya ni sindano ndogo sana inayobeba proteini yake, na ikiingia ngozini mtu anaanza kujikuna ndani ya dakika chache. Proteini hiyo inawasha kwa njia yake yenyewe, ndiyo maana vidonge vya aleji vya duka la dawa mara nyingi havituliza sana. Na kadiri unavyojikuna, ndivyo unavyozisukuma sindano ndani na kuzieneza.

Wamama wa huko hawakimbilii maji kwanza. Wanachukua bonge la bugali lenye joto kidogo, lisilounguza, wanalibandika juu ya ngozi na kulinyanyua, bila kusugua. Bonge linatoka na manyoya, linatupwa mbali na kuku na watoto, linachukuliwa lingine. Skochi ya kufungia makartoni inafanya kazi ileile. Baada ya hapo ndipo maji baridi na sabuni, halafu kitambaa kilicholowa maji baridi mpaka moto wa ngozi ushuke. Wengine wanapaka utomvu wa alovera. Ngozi inapoa, lakini ukipaka kabla ya kutoa manyoya umepoteza alovera yako bure. Maji ya moto hapana, yanazidisha.

Kuna na dawa ambazo mimi sizisifu. Tope na mavi ya ng'ombe vinapakwa sana, na kweli tope likikauka linavuta manyoya. Lakini ngozi iliyokwisha kukunwa ina vidonda, na pepopunda inaishi katika udongo na mavi. Bugali upo kila nyumba, tope la nini?

Jicho ni jambo lingine kabisa. Maji safi mengi, tena na tena, kisha kituo cha afya. Si maziwa ya mama, si majani. Vilevile mtoto akivimba midomo au akipumua kwa shida, usingoje.

Jambo ambalo wengi hatuliangalii ni kikwembe. Mama anatoka shamba na mzigo wa kuni, kikwembe kimegusa upupu, na kwa kikwembe hicho hicho anamfunga mtoto mgongoni. Usiku mtoto analia, na hakuna anayejua sababu. Kibadilishe kabla ya kunyonyesha, ukifue peke yake, usikichanganye na nguo za kitanda.

Siku hizi upupu umeleta shida nyingine. Tangu mpox, ile ndui ya nyani, ilipolipuka Kamituga mwaka 2023, mtoto mwenye vipele anaogopwa. Mama mmoja wa Mboko alinieleza jinsi wake alivyorudishwa nyumbani kutoka shule na majirani wakakataa hata kuchota maji naye, kumbe alikuwa ametoka kutafuta kuni. Upupu unaanza ghafla, palepale ngozi ilipogusana na manyoya, hauna homa, na kwa kawaida unatulia ndani ya saa chache. Mpox inakuja na homa, tezi zinavimba shingoni au kwenye kinena, na malengelenge yanajaa usaha, hata viganjani na nyayoni, yanakaa wiki mbili mpaka nne. Mtoto wa namna hiyo usimbandike bugali. Mpeleke kituo cha afya siku ileile, na vyombo vyake viwe mbali na vya wengine.

Kwenye mashamba ya Mboko wamama wanaukata upupu mapema, wakati bado una maua ya zambarau na maganda hayajakauka. Wanaufunika kwa udongo palepale. Hawauchomi, juu ya moshi na upepo wa ziwa.