Presha Mbili za Nyumbani Mwetu

Mavyaa wangu ana maradhi ya presha, na kwa miaka sita sasa mimi ndiye ninayempima kila asubuhi kabla ya staftahi. Ninalo daftari lenye jalada la kijani ambamo naziandika nambari zake. Ukiligeuza daftari hilo na kulifungua kwa upande wa nyuma, utakuta nambari nyingine, nazo ni za matairi manne ya gari letu na la tano la akiba. Wageni wakiliona hucheka. Lakini sikulianza daftari la nyuma kwa mzaha. Lilizaliwa na jambo lililotupata njiani, nami nimeona nilieleze hapa kwa kuwa dada zangu wengi siku hizi huendesha magari yaliyojaa watoto na wazee, na yumkini, kama nilivyokuwa mimi, hawajui matairi yao yana upepo kiasi gani.

Mume wangu ni baharia. Akiwapo nyumbani, mambo ya gari ni yake. Akiwa safarini, mimi hulitia mafuta na maji, nikaona nimemaliza wajibu wangu. Kijana wa kituo cha mafuta akiniuliza, "Mama, upepo niweke ngapi?" nilikuwa nikimjibu, "Weka wa kawaida." Naye huweka. Sikuwahi kumwuliza hiyo kawaida ni ngapi, wala yeye hakuwahi kuniambia. Na kusema kweli, hata kijana huyo nilikuwa sijamwendea kwa miezi mitatu au minne.

Likizo ya Disemba tukaalikwa harusini Malindi. Tulikuwa watu saba ndani ya gari la viti saba, na juu ya keria tumefunga masanduku ya nguo na sufuria mbili za pilau zinazohitaji wanaume wawili kuinuliwa. Tuliondoka Mombasa baada ya Adhuhuri, jua likiwa kali na lami ikimeta kama maji. Kabla ya kutoka nilimwambia mwanangu wa kiume ayatazame matairi. Akalizunguka gari, akalipiga kila moja kwa ncha ya kiatu, akasema, "Yako sawa, mama."

Tukapita Mtwapa, tukapita Kikambala. Tulipofika kwenye mashamba ya mkonge ya Vipingo nikasikia mlio mzito nyuma yangu, na papo hapo gari likaanza kuyumba. Mume wangu aliwahi kuniambia kwamba tairi likipasuka usikanyage breki kwa nguvu; shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, liache gari lipungue mwendo lenyewe. Sijui maneno hayo yalinijiaje wakati ule. Lori lililokuwa likitujia lilipita huku likipiga honi, nasi tukaingia kwenye mchanga wa kando ya njia tukasimama. Alhamdulillahi, hakuna aliyeumia. Watoto walilia. Mavyaa hakusema neno, ila midomo yake ilikuwa ikienda kwa dhikri.

Tairi la nyuma la kushoto lilikuwa limechanika vipande. Tukateremsha la akiba, tukalifunga, na tulipoishusha jeki likalala kama chapati. Miaka yote tuliyokuwa na gari lile, hakuna aliyekumbuka kwamba tairi la akiba nalo hupungua upepo hata kama halijakanyaga njia.

Tulimkalisha mavyaa kivulini, binti yangu akimpepea kwa mtandio, hadi fundi wa pancha alipoletwa kwa bodaboda. Alikuwa mzee mwenye kofia ya vito iliyochakaa. Kabla ya kugusa la akiba alilivuta lile lililopasuka, akaligeuza, akanionyesha ndani yake. Palikuwa na unga mweusi wa mpira, na ubavuni alama ya mduara iliyolizunguka tairi zima, kama mahali palipokuwa pakikunjwa na kukunjuliwa.

"Hili halikupasuka leo, mwanangu," akasema. "Limekuwa likifa kidogo kidogo."

Akanieleza kwamba tairi lenye upepo mdogo hubonyea ubavuni kila linapozunguka, na kule kubonyea na kurudi ndiko kunakolitia joto. Ukilizidishia mzigo, mwendo na jua la mchana, joto hilo huachanisha matabaka ya mpira na nyuzi zilizomo ndani mpaka siku moja yakaachia. Kwa macho huwezi kulijua. Matairi ya siku hizi hutuna kidogo hapo chini hata yakiwa na upepo wake kamili, na teke la kiatu halimwambii mtu kitu.

"Ulikuwa ukiweka ngapi?" akaniuliza.

"Kawaida."

"Kawaida ya nani?"

Nilitahayari. Akaufungua mlango wa dereva, akanionyesha karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ambayo mlango hufungia. Nilikuwa nimepita mbele ya karatasi ile kila siku bila kuitazama. Imeandikwa Kijapani, maana gari letu, kama mengi ya hapa kwetu, liliwahi kutumika Japani kabla ya kuja huku. Lakini nambari hazina lugha. Palikuwa na ukubwa wa tairi, 195/65R15, na mbele yake 230 kPa. Vituo vyetu vya mafuta hutumia kipimo cha psi, kwa hiyo igawanye nambari ya kPa kwa saba na utakaribia sana: 230 ni kama 33. Magari mengine huwa na mistari miwili, mmoja wa siku za kawaida na mwingine wa gari lililojaa watu na mizigo, na nambari za mbele na nyuma huenda zisilingane. Kwa hiyo nambari ya gari la jirani si nambari ya gari lako, hata kama matairi yanafanana.

Usiku ule Malindi nilimpima mavyaa, mashine ikasoma 188 kwa 104. Niliziandika nambari hizo kwa mkono unaotetemeka, na nikiufungua ukurasa ule hata leo nausikia ule mlio.

Ningependa kusema kwamba kuanzia hapo nilikuwa mwerevu, lakini haikuwa hivyo. Hofu ilinitia katika kosa la pili. Niliporudi Mombasa nilisoma ubavuni mwa tairi jipya maandishi madogo yanayotaja 44 psi, nikamwambia kijana aweke 44 yote manne. Nilidhani kizidi ndicho salama. Gari likawa linadunda kwenye kila tuta, mavyaa akilalamika mgongo, na asubuhi moja ya mvua nilipokanyaga breki nikiteremka kuingia daraja la Nyali likateleza kabla ya kushika. Ile 44, kumbe, ni mpaka ambao tairi lenyewe halipaswi kuvushwa. Si kiasi ambacho gari linahitaji. Tairi lililojazwa kupita kiasi hukanyaga njia kwa katikati tu na huisha katikati, ilhali lenye upepo mdogo huisha kingo zote mbili.

Ndipo nikanunua kipimo changu mwenyewe, kidogo kama kalamu. Vipimo vya vituoni hupigwa chini kutwa nzima na haviaminiki sana, nami nilitaka kimoja nikizoee. Siku ya kwanza nilipima mchana baada ya kutoka sokoni, nikapata 37. Nikatoa upepo hadi 33, nikajipongeza. Kesho yake alfajiri nikapima tena: 29.

Jibu nililipata kwa mavyaa. Kliniki walitufundisha tangu mwanzo kwamba mgonjwa hapimwi punde tu akitoka kupanda ngazi. Akae, atulie dakika tano, ndipo mashine ifungwe mkononi. Tairi nalo ni vivyo hivyo. Likishatembea hupata joto, upepo wa ndani hutanuka, na nambari hupanda kwa nne au tano bila upepo wowote kuongezwa. Nambari ya mlangoni ni ya tairi lililopoa, yaani lililosimama saa tatu au zaidi, au lililokwenda mwendo mfupi usiozidi kilomita mbili. Ukilipunguza upepo likiwa na joto, umelipunja. Kwa hiyo mimi hupima baada ya sala ya Alfajiri, kabla jua halijalipata gari, kwa sababu hata jua la asubuhi likipiga upande mmoja, matairi ya upande ule husoma juu zaidi ya wenzao.

Hupima kila baada ya wiki mbili, na kabla ya kila safari ndefu. Kazi haifiki dakika kumi: fungua kifuniko, bonyeza kipimo kwa wima mpaka ule mlio wa upepo ukatike, soma, andika, rudisha kifuniko. Tairi zima hupoteza kama psi moja kwa mwezi bila kosa lolote. Ndiyo sababu daftari lina faida kuliko kupima pekee. Mwezi wa Mei mwaka jana la mbele kulia liliandikwa 33, kisha 31, kisha 28, na wenzake wako pale pale. Nilimpelekea fundi wa mtaani, akalitia majini, akaona viputo vidogo mno: msumari mfupi ulikuwa umejichimbia kwenye mtaro wa tairi. Wiki ile ile nilikuwa niwapeleke watoto Lamu.

Gari la dada yangu ni jipya zaidi na lina taa inayowaka upepo ukipungua. Marekani taa hiyo ni sharti kwa magari madogo yote mapya tangu 2007, kufuatia sheria ya mwaka 2000 iliyotungwa baada ya watu wengi kufa katika ajali za matairi yaliyoharibika. Ni neema, lakini sheria hiyo huidai taa iwake upepo ukishapungua robo nzima, na robo ya 33 ikiondoka pamebaki 25. Nimemwambia anunue kipimo, naye ananiambia nimekuwa fundi.

Mavyaa ndiye asiyenicheka. Nikiingia ndani alfajiri na daftari mkononi hunikuta mimi kwa swali kabla sijamkuta yeye kwa mashine.

"Presha yake ngapi leo?"

"Thelathini na tatu yote, mama. Na la akiba pia."

"Na yangu?"

"Kaa kwanza, mama. Tulia."

Hukaa, mgongo ukiegemea kiti, mkono juu ya meza. Nami hutazama saa ya ukutani mpaka dakika tano zitimie.