Machipuko ni Mwezi Gani Kwetu?

Katika masomo yote ya Kiswahili, hakuna linalotusumbua walimu wa Bujumbura kama somo la majira ya mwaka. Maneno yapo tele. Kinachokosekana ni mambo yenyewe. Wenzetu wa pwani wana kaskazi na kusi, masika na vuli, kipupwe na demani, na kila jina limefungamana na upepo wa Bahari ya Hindi ambao mwanafunzi wa Buyenzi au Kinama hajapata kuusikia usoni mwake. Kisha huja kitabu cha Kifaransa na majira yake manne, na mwalimu hulazimika kutafuta neno la Kiswahili la wakati ule ambapo theluji huyeyuka na maua huchanua. Mmoja hulifasiri kuwa masika, mwingine machipuko, na wa tatu huandika kwa urefu, majira ya kuchipua. Mimi hupendelea machipuko, kwa kuwa masika ni jina la mvua, nasi twalihitaji kwa mvua yetu. Walakini mwaka mmoja msichana wa darasa la tisa aliinua mkono akaniuliza, "Mwalimu, machipuko ni mwezi gani kwetu?"

Nilimwambia asubiri. Wakati huo mama yangu alikuwa amekuja kukaa nami, na katika uwanja wa nyumba yangu palikuwa na jambo lililohusiana na swali lake.

Kwa msomaji asiyeijua nchi yetu, yapasa nieleze kidogo. Jiji la Bujumbura limekaa katika tambarare ya Imbo, kando ya Ziwa Tanganyika, kwenye kimo cha mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari. Mashariki ya jiji ardhi huinuka ghafla: kwanza miteremko ya Mumirwa yenye migomba na mihogo, kisha Mugamba, nchi ya ukungu, ya chai na kondoo, hadi kilele cha Heha chenye mita zipatazo 2,670. Vijana hushuka kutoka Bugarama kwa baiskeli zilizosheheni mizigo, na wakati wa kurudi hujishikiza nyuma ya malori yawavute mlimani, jambo ambalo kila nilionapo hufumba macho. Kabeji na karoti tunazokula mjini hutoka huko juu. Lakini mimea ya mwitu ya vilele vile haishuki, na sababu yake ni hesabu nyepesi. Kila tupandapo mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Kati ya uwanja wangu na kilele cha Heha kuna mita karibu 1,900, yaani tofauti ya nyuzi kama 11.

Mama yangu ni mtu wa Mugamba. Alipozidiwa na maradhi ya miguu, sisi watoto wake tulikubaliana akae kwangu, karibu na hospitali. Alifika mwezi wa Julai na kikapu kimoja. Ndani yake, vikiwa vimefungwa kwa majani ya mgomba, mlikuwa na miche mitatu ya erika, kile kichaka chenye majani madogo kama sindano. Fundo la yale maua makavu ya manjano yasiyonyauka, ambayo wataalamu huyaita Helichrysum. Na matunguu sita ya gladioli wa mwitu, yaani mashina manene ya chini ya ardhi yafananayo na vitunguu. Vyote vilitoka ukingoni mwa shamba letu, wala si katika msitu wa Kibira, ambao ni hifadhi ya taifa na haung'olewi kitu.

Nilimtengenezea bustani ya mawe upande wa mashariki wa nyumba, panapopata jua la asubuhi na kivuli cha alasiri. Mtu asidhani kwamba mawe ni pambo tu. Mmea wa mlimani huchukia maji yanayotuama kwenye mizizi, nao hupenda kuficha mizizi yake chini ya jiwe, mahali ambapo ardhi haipati moto upesi. Nilichanganya udongo wa Imbo na mchanga wa mtoni na kokoto, kiasi sawasawa. Erika niliiweka katika vyungu vya udongo visivyopakwa rangi, kila chungu ndani ya chungu kikubwa zaidi, na katikati yake mchanga uliolowa. Maji yanapopenya chungu na kukauka kwa upepo, chungu hupoa, kama ulivyo mtungi wa maji ya kunywa. Nilinyunyizia jioni, baada ya jua kuzama.

Erika ilidumu majuma saba. Yale maua ya manjano yaliishi zaidi kidogo, lakini kwa unyonge, bila kutoa hata ua moja jipya. Mama alikuwa akikaa juu ya kigoda mbele ya vyungu, akigusa majani kwa ncha ya kidole. Siku moja aliniambia kwa Kirundi, "Haupati usingizi, mwanangu." Nilidhani anajisemea mwenyewe, maana naye usiku alikuwa akitoka uani na kukaa hadi saa nane, akijipepea kwa upindo wa kitenge.

Kumbe alikuwa amesema kweli ya kisayansi. Mchana mmea hutengeneza sukari kwa nguvu ya jua, na usiku huvuta pumzi kama sisi, ukitumia sehemu ya sukari ile. Kadiri usiku unavyokuwa na joto ndivyo matumizi yanavyozidi. Mmea uliozoea usiku wa baridi wa Mugamba, ukiletwa katika usiku wa Bujumbura ambao hauteremki sana chini ya nyuzi 19, hula usiku akiba yote iliyochumwa mchana. Hufa polepole, katika udongo mzuri na maji ya kutosha. Waingereza katika bustani yao ya Kew, huko London, walifungua mwaka 2006 nyumba ya kioo kwa ajili ya mimea ya milima mirefu. Hewa hupitishwa kwanza katika vijia vya saruji chini ya ardhi ili ipoe, ndipo hupulizwa juu ya mimea. Ni ujanja wa kichuguu cha mchwa. Mshahara wa mwalimu haujengi kichuguu cha namna hiyo.

Zamani milima na bonde vilikaribiana zaidi. Katika kinamasi cha Kashiru, kwenye nyanda za juu za Burundi, wataalamu walichimba matope na kuchunguza chavua ya maua iliyohifadhiwa humo kwa miaka 40,000. Mama Raymonde Bonnefille na wenzake walitangaza mwaka 1990 kwamba wakati wa baridi kuu ya dunia nchi hii ilikuwa na joto pungufu kwa nyuzi 4 hivi kuliko sasa. Kwa hesabu ile ile, mimea ya vileleni iliweza kushuka mita 600 au 700. Dunia ilipopata joto, ilipanda tena. Sasa joto linaongezeka, nayo haina budi kupanda zaidi. Ila juu ya Heha hakuna mlima mwingine.

Sasa nirudi kwenye matunguu. Nilitaka kuyanyunyizia siku ile ile yalipofika, lakini mama alinizuia kabisa. "Usiyaamshe," alisema. Kirundi hugawanya mwaka kwa kilimo: Agatasi, wakati wa mvua za kwanza, Impeshi, mvua za pili, na Ici, kiangazi cha Juni hadi Septemba. Tulikuwa katikati ya Ici, na tunguu katika Ici hulala. Basi yalikaa makavu ndani ya kikapu, juu ya kabati, wakati erika ikihangaika uani. Mvua ya kwanza ilinyesha mwishoni mwa Septemba. Tuliyapanda kesho yake, na baada ya siku tisa ncha za kijani zilitokeza kati ya mawe kama visu vidogo.

Gladioli huyu, Gladiolus dalenii, si wa milimani peke yake. Huota pia katika nyika za chini, na labda ndiyo sababu alituvumilia. Ni mzazi mkuu wa gladioli wakubwa wa bustani, ambao Wabelgiji walianza kuwazalisha kwao katika karne ya 19, na ambao leo twawanunua kwa harusi kana kwamba ni wageni. Wa mama walichanua Desemba, rangi ya chungwa iliyokolea, na manjano kooni. Darasa zima lilikuja kutazama. Yule msichana aliandika daftarini, "Machipuko: Oktoba." Mama, alipofasiriwa, alikataa: hiyo ni Agatasi, na jina lipo. Walibishana kwa furaha, mmoja kwa Kiswahili na mwingine kwa Kirundi, nami sikuamua. Kwangu neno machipuko latosha mradi mwanafunzi ameona kitu kikichipua.

Mwezi wa Machi mama aliomba arudishwe Mugamba. Ndugu zangu walipinga, wakitaja hospitali, umbali na uzee wake. Hoja zao zilikuwa nzito. Mimi niliyekuwa nimeitazama erika majuma saba nilikuwa upande wake, na tukapatana kwamba nitamleta kwa daktari kila mwezi. Miguu yake haijapona. Usiku analala.

Matunguu aliniachia. Juni majani yalipogeuka manjano niliyafukua, nikayahesabu: yalikuwa kumi na moja, mbali na yale madogo kama punje za mahindi yanayohitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa ua. Sita nitayarudisha kati ya mawe. Mwalimu atakayehitaji mengine na aje kabla ya mvua, akiwa na kikapu kikavu.