Masika ndani ya Hiace ya baba mdogo

Wasomaji wangu, nisameheni kwa ukimya. Sikuwa naumwa wala sijafukuzwa kazi (bado). Nilikuwa Ufipa, nalala ndani ya gari.

Wazungu wana yale magari yao yenye kitanda na jiko, wanazunguka nayo mashambani Ufaransa huku mvua ikinyesha. Sumbawanga tunayo pia, ila hakuna aliyeyapa jina. Baba yangu mdogo ni mfanyabiashara wa minadani. Hiace yake ameng'oa viti vyote vya nyuma. Ndani kuna marobota ya mitumba, godoro, ndoo ya maji, jiko la mkaa na redio ya betri. Siku nne kwa wiki analala humo. Mchana duka, usiku nyumba.

Likizo yangu ya Februari niliomba kwenda naye, na nilikuwa na sababu. Marehemu baba alihamia Dar kabla sijazaliwa. Mtu akimuuliza kwao ni wapi, alijibu "Mbeya". Mnajua kwa nini. Taja Sumbawanga kwenye daladala uone watu wanavyoanza: radi, fisi, ungo. Nami nikalirithi jibu hilo, shuleni, chuoni, hadi chumba cha habari. Cha ajabu, jina la mji lenyewe kwa Kifipa maana yake ni tupa uchawi. Mji umeandika mlangoni kuwa bidhaa hiyo haiingii, na bado sisi ndio tunaoitwa wauzaji!

Tulitoka mjini alasiri kwa barabara ya Kasanga, ile inayokwenda kuishia Ziwa Tanganyika. Masika ya Ufipa si ya kwenye kalenda. Miti ni michache. Ni nyasi, vilima vya mviringo, mawingu yaliyokaa chini, na baridi ya mita zaidi ya 1,700 ambayo koti langu la Kariakoo halikuwahi kuisikia. Pembeni akina mama walikuwa wakipiga matuta ya duara kama vichuguu, wakifukia nyasi chini ya udongo zioze ziwe mbolea ya msimu ujao. Wamefanya hivyo tangu zamani, bila bwana shamba.

Tulipoipita Matai, makao makuu ya Wilaya ya Kalambo, tuliiacha lami. Haikuchukua muda Hiace ikaanza kutembea ubavu kama kaa. Baba mdogo akazima injini.

"Tumefika," akasema. Hapakuwa na kitu chochote.

Akanyanyua mlango wa nyuma ukawa kibaraza, akawasha jiko chini yake. Tukala ugali wa ulezi na mgebuka mkavu, miguu imelowa. Tulipojilaza, mvua ikipiga bati juu ya vichwa vyetu, akanisimulia jinsi safari ya Tunduma hadi Sumbawanga ilivyokuwa kabla ya lami ya miaka ya 2010. Baba yangu aliondoka kwa lori la mahindi, masika kama hii, akalala njiani siku tatu. Halafu akauliza:

"Hivi kaka, huko Dar, alikuwa anasemaje kuhusu kwetu?"

Kazi yangu ni kuuliza watu maswali ya namna hiyo. Sikujua kujibiwa kwake kunauma hivi.

"Alikuwa anasema ni mtu wa Mbeya, baba."

Kimya. Akainuka, akafuta kioo kwa mkono wa sweta, ingawa nje palikuwa giza tupu.

"Na wewe?"

"Na mimi."

"Haya. Lala."

Sikulala. Naye hakukoroma, na huyu ni mtu wa kukoroma.

Asubuhi vijana wa kijiji cha jirani walitusukuma. Pesa walikataa, walitaka tu wachague makoti kabla ya wateja wengine. Mnadani nikawa natundika suruali, hatujasemezana zaidi ya bei. Akaja mama mmoja mtu mzima, akapiga makofi taratibu kumsalimu baba mdogo, akanitazama mimi.

"Na huyu kijana?"

"Huyu?" Baba mdogo hakugeuka. "Mtu wa Mbeya."

Mama akanisogelea, akanikagua kama anavyokagua koti.

"Mbeya! Na sura hiyo ya kwenu?"

Baba mdogo alicheka mpaka akaangusha mzigo aliokuwa amebeba matopeni. Mimi nikajifanya natafuta chenji.