Kutoka Kunduchi hadi Ghuba ya Algoa

Nilipoanza kuwaambia watu kwamba nakwenda Afrika Kusini kwenye triathloni ya masafa marefu, wote waliuliza habari ya kukimbia. Kilomita 42 utaziweza, mwalimu? Wachache waliuliza habari ya baiskeli, kilomita 180 kwenye upepo. Kilomita 3.8 za kuogelea, ambazo ndizo zinazotangulia alfajiri kabla ya yote, hakuna aliyezigusa. Sikushangaa. Sisi wa Kunduchi tunaishi na bahari uani kwetu, tunaila, tunaipigia picha, watoto wanacheza ukingoni kutwa nzima, na wengi wetu tukitumbukia penye kina hatutoki. Kuogelea tumewaachia wavuvi, na hata miongoni mwa wavuvi wapo wanaokwenda baharini kila usiku bila kujua.

Masafa haya yana historia yake. Mwaka 1977, kisiwani Oahu, Hawaii, ofisa wa jeshi la majini la Marekani, John Collins, alitoa wazo la kumaliza ubishi wa muda mrefu wa nani ana mwili imara zaidi: muogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Akaunganisha mashindano matatu ambayo tayari yalikuwepo kisiwani, yaani kuogelea Waikiki, mzunguko wa kisiwa kwa baiskeli na marathoni ya Honolulu, yafanyike kwa siku moja bila kupumzika. Tarehe 18 Februari 1978 walianza watu 15, wakamaliza 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia karibu saa kumi na mbili. Leo kwenye mashindano mengi ya masafa hayo mtu hupewa saa 17, na asipotoka majini ndani ya saa mbili na dakika ishirini, siku yake imekwisha. Baiskeli atairudisha nyumbani bila kuipanda.

Kwa hiyo nilianza na maji. Bwawa la kuogelea lilinifundisha jinsi ya kulala majini, kutoa pumzi puani uso ukiwa chini, na kuzungusha bega badala ya kupiga maji kwa mkono. Bahari nilikwenda kuiomba kwa mtu. Kuna nahodha mmoja wa ngalawa pale soko la samaki, mzee wa makamo ya baba yangu, ambaye huwa hapendi maneno mengi asubuhi.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, binti yangu. Leo pono hakuna, changu wapo."

"Sikufuata samaki. Nataka unifundishe bahari."

Alinitazama kidogo. "Bwawani umejifunza?"

"Nimejifunza."

"Bwawa halina njia. Huku kuna njia, na njia yenyewe inahama."

Hiyo njia inayohama ndiyo iliyonichukua miezi. Nahodha alinikataza kabisa kuogelea wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maana hapo maji hujaa sana na kupwa sana, na mkondo kati ya pwani na kisiwa cha Mbudya unamchukua mtu kama jani. Tukawa tunasubiri maji mafu, siku mwezi uko nusu, bahari ikienda na kurudi kwa upole. Mjukuu wake alikuwa akipiga kasia pembeni yangu, nahodha amekaa mbele na kofia yake, akinisahihisha kwa sauti moja tu. Kaskazi ikivuma, vuta pumzi upande wa bara, wimbi lisikujaze mdomo. Usitazame wimbi lililo mbele yako, tazama kitu kilichosimama nchi kavu. Kwa upande wa Mbudya kitu hicho kilikuwa mivinje: unainua macho kidogo, si kichwa kizima, unaiona mivinje, unarudisha uso majini. Ukiinua kichwa, miguu inazama na nguvu inakwisha. Jambo dogo hili, macho bila kichwa, nililirudia mpaka shingo ikalizoea yenyewe.

Wanafunzi wangu wa darasa la sita waliposikia, wavulana waliuliza kama kuna papa. Wasichana waliuliza navaa nini. Swali lao lilikuwa zito zaidi. Mtoto wa kike akishavunja ungo, bahari inafungwa kwake, na kizuizi mara nyingi ni nguo tu. Niliwaeleza habari za Nungwi, Unguja, ambako mradi wa Panje ulianza mwaka 2011 kuwafundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayositiri mwili mzima na kichwa. Nami nilikuwa naogelea hivyo hivyo, suruali ya kubana, mikono mirefu, kilemba cha mpira. Hakuna kanuni ya maji inayodai mtu awe nusu uchi.

Baiskeli yangu ni ya mitumba, na ada ya mashindano pamoja na tiketi ya ndege vilitoka kwenye kikoba chetu cha walimu, mkopo ambao bado naulipa kwa moyo mweupe. Jumamosi nilitoka Tegeta saa kumi alfajiri kwa taa, kabla malori na daladala hazijaishika barabara ya Bagamoyo. Bunju, daraja la mto Mpiji ambapo Dar es Salaam inaishia na Pwani inaanza, Mapinga, Kerege, mpaka mji wa Bagamoyo wenyewe. Kwenda na kurudi ni zaidi ya kilomita 80. Safari zikishakolea, nilikuwa nikifika Tegeta najaza chupa na kugeuza tena.

Barabara hiyo ilinifundisha kula. Mtu akiambiwa mashindano ya siku nzima hufikiri mapafu na misuli, kumbe wengi huangushwa na tumbo. Mwili unaweza kutumia kama gramu 60 za glukosi kwa saa, na ukiichanganya na sukari ya matunda, unaweza kufika 90, kwa kuwa kila moja ina mlango wake kwenye utumbo. Lakini utumbo nao hufunzwa. Ukiupa chakula kingi siku ya mashindano bila kuuzoesha, unarudisha vyote. Mimi nilitumia tende, ambazo zina sukari zote mbili. Tende ndogo ya kawaida ina gramu tano hivi za sukari, kwa hiyo nilizitoa kokwa usiku, nikazipanga kwenye kimfuko kilichofungwa kwenye bomba la baiskeli, na kila robo saa natia mdomoni tatu au nne, njaa iwepo isiwepo. Chumvi nilitia kwenye maji. Joto la Januari na Februari hapa kwetu linakamua mtu, na anayekunywa maji matupu kwa wingi saa nyingi, bila chumvi, anaweza kuizimua damu yake mpaka akapoteza fahamu. Nilijipima kwenye mizani kabla na baada ya kila safari ndefu ili nijue jasho langu ni kiasi gani. Nashauri kila anayeanza afanye hivyo kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Joto nilikuwa nalo tele. Nilichokosa ni baridi. Maji ya Kunduchi wakati wa kaskazi hufika nyuzi 28 au 29. Ghuba ya Algoa, kule nilikokuwa nakwenda, maji huwa karibu nyuzi 20 na yanaweza kushuka chini ya hapo kwa siku moja. Mtu akiingia ghafla kwenye maji ya baridi, kifua hukamata hewa chenyewe, pumzi huenda mbio, na akiwa ameshatumbukiza uso anaweza kumeza maji bila kutaka. Hali hiyo hupita kwa dakika moja hadi tatu. Uzuri wake ni kwamba mwili ukionja baridi mara chache tu, hujifunza usishtuke.

Kwa hiyo likizo fupi ilipofika nilipanda basi la Mafinga, tukapita Mikumi, tukapanda Kitonga, na kesho yake bodaboda ikanipeleka Mufindi, penye mashamba ya chai na mabwawa yake ya kumwagilia. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai. Nilikuwa nimeomba ruhusa, na mlinzi alinisindikiza mpaka ukingoni akiwa amevaa koti zito.

"Dada, humo kuna baridi."

"Ndiyo niliyoifuata, kaka."

Akacheka, akakaa kwenye jiwe kunilinda. Nilivaa vazi la mpira la kuzuia baridi majini, ambalo bila ujanja halipiti kisigino. Wenzetu ng'ambo hutia mguu kwenye mfuko wa plastiki ili mpira uteleze, lakini mifuko hiyo kwetu imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, nikatumia soksi nyembamba za hariri na kazi ikaenda. Kisha nikaingia polepole mpaka kiunoni, nikatia maji shingoni, nikazamisha uso na kutoa pumzi ndefu kama mtu anayepoza uji. Kifua kikaruka. Nikatoka, nikarudia. Siku ya pili kiliruka kidogo. Siku ya tatu nilizamisha uso, nikatoa pumzi, na mikono ikaanza kufanya kazi yake bila kusubiri amri.

Kufungasha baiskeli kulichukua usiku mzima. Pedali ya kulia inafunguka kwa kuzungusha kushoto, ya kushoto inafunguka kinyume, na fundi asiyejua hilo huvunja nyuzi za chuma. Usukani ukalala, siti ikachomolewa, tairi zikapunguzwa upepo, cheni nikaifunga kwa khanga kuukuu. Ndege kutoka Dar es Salaam hadi Johannesburg, nyingine hadi Gqeberha, mji ulio kwenye Ghuba ya Algoa, uliokuwa ukiitwa Port Elizabeth mpaka mwaka 2021. Sanduku lilifika zima, nikashukuru Mungu.

Kitu cha kwanza nilichotaka kuona ni bahari. Ni hii hii yetu. Mkondo mkubwa wa Ikweta ya Kusini unakuja kutoka mashariki, unagonga Afrika karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji na kugawanyika. Tawi moja linapanda kaskazini na kupita mbele ya Kunduchi, jingine linashuka kwa mizunguko ya mlango wa Msumbiji mpaka linaingia kwenye mkondo wa Agulhas, unaopita nje ya ghuba ile. Maji ya moto basi yapo, ila mbali na ufuko. Upepo wa mashariki ukivuma siku mbili tatu husukuma maji ya juu yaende nje, na ya chini, yenye baridi, yanapanda kuchukua nafasi. Nilisimama kwenye gati la Shark Rock, pale Hobie Beach, nikajiuliza nahodha wangu angesemaje. Wenyeji wanauita mji wao mji wa upepo, na siku zote nilizokaa pale sikuona bendera iliyolala.

Asubuhi ya mashindano maji yalipimwa nyuzi 18. Kanuni huruhusu vazi la mpira mpaka nyuzi 24.5, kwa hiyo kila mtu alikuwa mweusi kuanzia shingo hadi kifundo. Tuliachiwa kuingia kidogo kidogo. Nilisimama maji yakiwa kiunoni, nikazamisha uso, nikatoa pumzi. Kifua kilitulia. Nikainua macho bila kichwa, nikatafuta kilichosimama nchi kavu, nikaona hoteli ndefu iliyo juu ya ufuko, nikaifuata. Mawimbi yalikuwa marefu na mazito kuliko ya kwetu, yanakubeba juu na kukushusha kwa taratibu, na nilipojua mwendo wake nikawa sishindani nayo. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile. Nilitoka majini saa mbili zikiwa hazijatimia.

Baiskeli ilikuwa kazi ya kuvumilia. Barabara inafuata pwani, inapita Schoenmakerskop, vichaka vifupi upande mmoja na miamba upande mwingine, na upepo uliotusukuma wakati wa kwenda ulitusubiri wakati wa kurudi. Kumkaribia aliye mbele yako ili akukinge hairuhusiwi, lazima uache mita 12, kwa hiyo kila mtu anaupokea upepo wake mwenyewe. Tende zangu zilinifikisha. Marathoni nilikimbia, nikatembea, nikakimbia, kando ya ufuko ule ule, katikati ya watu waliotoa majiko yao nje, wakichoma nyama na kusoma jina la nchi kwenye namba yangu. "Tanzania!" waliita, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka giza likaingia. Nilimaliza baada ya saa kumi na tano na ushee.

Nahodha nilimpigia kesho yake. Hakuuliza nilikuwa wa ngapi.

"Upepo ulikuwa wa wapi?"

"Wa mashariki, nahodha. Mchana ukageukia kusini."

"Na maji?"

"Yanavuta kuelekea gatini, lakini si kama bamvua ya kwetu."

Akaridhika. Nikamweleza nilichokuwa nacho moyoni tangu Mufindi: kuna wasichana kumi na wanne wa darasa la sita ambao wazazi wao wamekubali kwa maandishi, nguo za kusitiri tumeshazishona kwa fundi wa Tegeta, na bwawa la kuanzia nimelipata kwa saa mbili kila Jumapili. Baada ya bwawa nataka waende kwake. Akaniuliza mjukuu wake atalipwa nini kwa kupiga kasia, nikamwambia kikoba kitatoa. Akataka ngalawa mbili, si moja, na mtu mzima katika kila moja, na kamba. Tukakubaliana kuanza kwenye maji mafu ya Juni, kusi ikiwa haijachachamaa asubuhi.