Mtoto Asiende Shule na Tumbo Tupu

Sisi walimu huona jambo ambalo wazazi wengi hawapati nafasi ya kuliona. Hapa Bukavu watoto hufika darasani mapema, wengine wakiwa wametembea kwa miguu toka Kadutu au Panzi. Saa mbili husoma kwa furaha. Ifikapo saa nne, wako ambao macho yao hulegea, na hesabu waliyoiweza jana huwashinda.

Mwaka mmoja baba mmoja alitaka kumtoa binti yake shuleni. “Mwalimu, huyu ni mvivu tu,” akasema. Nikamwuliza: “Baba, leo amekula nini?” Alikuwa amekunywa chai kavu, basi.

Wazazi wapenzi, tufikiri pamoja. Toka chakula cha jioni hata asubuhi zapita saa kumi au zaidi. Usiku moyo hupiga, na ubongo hutumia sukari iliyowekwa akiba katika ini. Kukipambazuka akiba hiyo imepungua, na bado mtoto ana vilima vya kupanda na masomo ya kushika. Taa isiyo na mafuta hailaumiwi kwa giza.

Wala haitoshi kushibisha tumbo. Muhogo hutia nguvu, lakini haujengi mwili vya kutosha. Kivu yetu yaijua hasara yake. Huko Lwiro, kaskazini ya Bukavu, penye taasisi ya uchunguzi iliyoanzishwa mwaka 1947, waganga walichunguza kwa miaka mingi kwashiorkor, ugonjwa unaovimbisha miguu ya mtoto na kubadili rangi ya nywele zake.

Kinga tunayo: uji wa masoso, yaani unga wa mahindi, mtama na soya. Kinachopungua katika nafaka, soya inacho tele. Soya ikaangwe kabla ya kusagwa, maana ikiwa mbichi huzuia tumbo kusaga chakula. Na uji uchemke vema. Ndizi au avoka ikiwapo, ni heri zaidi.

Binti yule alianza kupewa uji kila asubuhi. Kabla muhula haujaisha, alijibu maswali saa tano kama saa mbili. Hakutolewa shuleni.

Mama ndiye huamka kwanza, lakini mzigo huu usiwe wake peke yake. Baba anayenunua kasiksi jioni, na atenge kwanza fedha ya unga. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.