Nani Atabaki na Mtoto Jumamosi?

Nimepotea kwa muda, na safari hii siwezi kusingizia umeme wala mtandao. Nilikuwa natafuta yaya wa wikendi, kazi ambayo naona ni ngumu kuliko kutafuta hitilafu kwenye programu iliyoandikwa na mtu mwingine.

Hali yetu ni hivi. Mimi hutengeneza programu za malipo kwenye kampuni moja hapa Nairobi, na kila baada ya wiki moja huwa zamu yangu ya dharura: mitambo ikikwama Jumamosi saa nane mchana, mimi ndiye hupigiwa simu. Ni kweli nakuwa nyumbani, lakini jaribu kurekebisha hifadhidata huku mtoto amekukalia kwenye kibodi. Mke wangu ni muuguzi na ratiba yake hutoka mwezi kwa mwezi. Kijana wetu ana mwaka mmoja na nusu, na hakuna kabati ambalo hajafungua. Dada anayemlea siku za kazi huondoka Jumamosi asubuhi, hurudi Jumapili jioni.

Marafiki wengi waliniambia: mwongezee dada pesa abaki. Tulimwuliza. Alitujibu kwa upole kwamba ana binti wa miaka sita huko Machakos, anayeishi na nyanya yake, na wikendi ndiyo wakati pekee wa kumwona. Tukanyamaza. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, lakini hata isingekuwepo, ningemlipaje mtu amkose mwanawe kwa ajili ya wangu? (Wapo wanaofanya hivyo na usingizi wanapata. Haya.)

Basi nikafanya kile ambacho sisi watu wa kompyuta hufanya maisha yakitushinda: nikaandika programu. Mistari arobaini hivi ya Python, inasoma kalenda zetu tatu na kuonyesha siku ambazo hakuna mtu mzima aliye huru. Nilidhani wikendi zote zitakuwa nyekundu. Katika wikendi 13 zilitoka 5, zote Jumamosi. Hapo utafutaji ukabadilika kabisa. Ofisi ya kuajiri tuliyokuwa tumeitembelea ilitaka tuchukue mtu wa kulala ndani mwezi mzima, tena kwa ada. Sisi tulihitaji mtu wa Jumamosi mbili hivi kwa mwezi, anayeambiwa mapema.

Tulimpata kupitia mfanyakazi mwenza wa mke wangu: mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, si mbali na kwetu Kahawa, anayesomea ualimu wa watoto wadogo. Alikuja na cheti cha tabia njema, kile cha DCI unachoomba kupitia eCitizen kisha unaenda kupigwa alama za vidole. Ni kizuri kuwa nacho, ila kinasema tu kama mtu ana rekodi ya uhalifu. Hakisemi atafanya nini mtoto akitema uji mara ya nne. Kwa hiyo alikuja Jumamosi mbili tukiwapo, kwa malipo kamili. Siku ya kwanza aliuliza: kuna dawa yoyote inayomdhuru? Nani mwingine anaruhusiwa kumchukua? Nyinyi wawili msipopatikana, nimpigie nani? Nimefanya kazi na mainjinia wasiouliza maswali kama hayo kabla ya kugusa mtambo.

Kuhusu pesa: amri ya mishahara ya mwaka 2024 iliweka kima cha chini cha yaya wa Nairobi kuwa KSh 16,113.75 kwa mwezi, bila posho ya nyumba. Ukigawa kwa siku 26 unapata kama KSh 620, lakini kibarua wa siku ana kima chake kilicho juu zaidi. Tulikubaliana KSh 1,200 kwa siku, chakula na nauli, kwa M-Pesa jioni hiyo hiyo kabla hajatoka mlangoni.

Dada naye amekutana naye, wakaelekezana mambo ya usingizi ambayo hata mimi sikuyajua.

Sasa nimeongeza kalenda ya nne, ya mitihani ya chuo. Tayari kuna Jumamosi moja nyekundu. Shangazi yangu wa Thika ameombwa. Ujumbe ameusoma, bado hajajibu.